Bango la Kanuni ya Dhahabu: kauli 13 na kadi moja iliyobaki tupu

Bango lenyewe ni karatasi moja ya inchi 22 kwa 29, yaani kama sentimeta 56 kwa 74. Katikati kuna dunia, na kuizunguka kuna alama za dini na njia za imani 13, kila moja na kauli yake fupi. Kauli hizo ndizo bidhaa. Zote zinadaiwa kusema jambo moja: mtendee mwenzako kama unavyotaka kutendewa. Lilitolewa mwaka 2000 mjini Toronto na Scarboro Missions, shirika la wamisionari Wakatoliki wa Kanada lililoanzishwa 1918. Aliyelikusanya ni Paul McKenna. Shirika lililoanza kwa nia ya kupeleka mapadre China likaishia kumpa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, nafasi sawa na Yesu kwenye ukuta mmoja. Hilo peke yake linastahili heshima.

Hukumu tuitoe mapema, kwa anayetaka kuondoka na jibu. Kama kitu cha kutundika ukumbini na kuanzishia mazungumzo, bango hili halina mpinzani wa karibu. Kama chanzo cha kusomea, lina kasoro ambazo mwalimu akizijua atazirekebisha kwa kalamu, na asipozijua zitamuumbua mbele ya darasa. Alama zake kwetu: 7 kati ya 10.

Sifa yake kubwa ni kwamba limeziacha dini ziseme kwa maneno yao. Linganisha na picha ya vigae iliyopo makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York tangu 1985, iliyotengenezwa kutokana na mchoro wa Norman Rockwell wa 1961. Pale nyuso ni za mataifa mengi, lakini maneno ni mamoja, na ni yale ya Injili kwa Kiingereza. Bango la McKenna limegeuza mpango huo: nyuso hakuna, sauti ni 13. Muumini anayelisogelea hutafuta kwanza ya kwake, akaikuta, akatulia. Kisha jicho linahamia kwa jirani. Mpangilio wa duara unasaidia, kwa sababu orodha ya kushuka ingemweka mmoja juu na mwingine chini, na ugomvi ungeanzia hapo kabla hata ya kusoma.

Tatizo linaanza pale unaposoma zote 13 kwa makini. Hazisemi kitu kimoja. Zipange kwa kitenzi, utapata mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kukataza, na ndilo kubwa. Wahindu wamepewa Mahabharata, utenzi wao mkuu wa kale: huu ndio mukhtasari wa wajibu, usimfanyie mwingine ambalo ukifanyiwa wewe litakuumiza. Wabudha, Udanavarga 5:18, mkusanyo wa misemo ya Buddha. Confucius: usilotaka kufanyiwa, usimfanyie mwenzako. Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, Shayast-na-Shayast 13:29. Hillel, mwalimu wa kale wa Wayahudi, katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, Shabbat 31a: linalokuchukiza wewe usimfanyie mwenzako. Na Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini ya Wabahai: usimtwike mtu mzigo ambao usingependa kutwikwa, wala usimtakie yeyote usilojitakia. Hizo ni sita.

Fungu la pili linaamuru. Mathayo 7:12, ambayo Wakristo wanaotumia Biblia ya Kiswahili ya Union wanaijua kwa moyo: "Basi yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo; maana hiyo ndiyo torati na manabii." Hadithi ya Mtume Muhammad: haamini mmoja wenu mpaka ampendelee ndugu yake anachoipendelea nafsi yake. Na Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, katika kitabu chao Sutrakritanga: mtu avitendee viumbe vyote kama ambavyo yeye angependa kutendewa. Hizo ni tatu.

Nne zilizobaki hazina kurudishiana ndani yake kwa namna iliyo wazi. Kauli ya Utao, dini ya kale ya China, inasema faida ya jirani uione kuwa faida yako, na hasara yake kuwa hasara yako. Ya Kalasinga inasema mimi si mgeni kwa yeyote, wala hakuna aliye mgeni kwangu. Waunitaria, jumuiya ya kidini iliyochipuka kutoka Ukristo, wameweka kuheshimu mfungamano wa vitu vyote vilivyopo, ambao nasi tumo ndani yake. Na kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini kumewekwa kauli ya Chief Dan George, kwamba uhai wetu ni kwa kadiri tunavyoiacha dunia nayo iwe hai. Maneno mazuri yote manne. Lakini ukimwambia mwanafunzi kwamba hii ni kanuni ileile, akakuuliza "iko wapi hapo?", utahangaika.

Tofauti kati ya kukataza na kuamuru si ya wanasarufi tu. Anayeshika "usimfanyie" ametimiza wajibu akikaa kwake bila kumgusa mtu. Anayeshika "watendeeni" hajamaliza kitu kwa kukaa kimya. Jirani akiwa na njaa, deni liko mlangoni. Kwa upande mwingine, amri ina hatari ambayo katazo halina: anayependa pilipili kali atampakulia mgeni pilipili kali, na moyo wake mweupe. Wasomaji wengi wa bango hili hupita juu ya tofauti hiyo kwa sababu kichwa cha juu kimeshawaambia kwamba ni kitu kimoja. Hapo ndipo tunapolaumu waandaaji. Wameshona vizuri, ila wamepiga pasi kupita kiasi.

Sasa marejeo. Bango limeandika chanzo chini ya kila kauli, jambo ambalo nakala nyingi za kuigiza zinazozunguka mtandaoni hazifanyi. Lakini chukua kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu machache yanahitaji kuongezewa.

Mahabharata imeandikwa 5:1517. Ukifungua toleo lolote la kawaida ukitafuta sura au ubeti huo hutauona. Ni hesabu ya zamani, ya beti zilizohesabiwa mfululizo ndani ya kitabu cha tano. Katika matoleo yaliyogawanywa kwa sura, tafuta 5.39.57, pale Vidura anapomshauri mfalme Dhritarashtra. Bila kujua hilo, mwanafunzi hodari atarudi na kusema ubeti haupo, naye atakuwa amesema kweli.

Confucius ni 15:23 kwa wengine na 15:24 kwa wengine, inategemea mgawanyo wa toleo. Usibishane na mtu kwa hilo. Lenye uzito zaidi ni lile neno moja. Mwanafunzi wake Zigong anauliza kama kuna neno moja la kufuata maisha yote, na Confucius anajibu: shu. Tafsiri ya bangoni imelifanya kuwa upendo mwema, ambalo ni pana mno. Shu ni kuupima moyo wa mwenzako kwa moyo wako. Ukitaka neno moja la somo hili zima ulimwenguni kote, ndilo hilo, na bango limelifunika kwa asali.

Kauli ya Utao imepachikwa jina la Lao Tzu, anayehesabiwa mwasisi wa Utao. Maandishi yenyewe, T'ai Shang Kan Ying P'ien, ni ya zama za nasaba ya Song, zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati anaowekwa Lao Tzu. Yanahusishwa naye akiwa ameshatukuzwa kama mungu. Andika pembeni "karne ya 12" na mambo yamekwisha.

Ya Kalasinga iko ukurasa wa 1299 wa Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, maneno ya Guru Arjan. Asili yake inaanza na kukana adui: hakuna adui wala mgeni, na wote tumepatana. Bango limeacha "adui" likabakiza "mgeni". Limepungukiwa, kwa sababu kumkaribisha mgeni ni rahisi kuliko kutomhesabu mtu adui. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kauli hii haihitaji maelezo marefu. Anayesafiri barabara ya Nairobi na Mombasa akapumzika kwenye hekalu la Makalasinga pale Makindu anapewa chakula bila kulipa na bila kuulizwa dini yake.

Ya Wabudha ni sahihi, lakini Udanavarga si kitabu ambacho Mbudha wa Sri Lanka au Thailand atakuwa nacho mkononi. Yeye atakuelekeza Dhammapada 129 na 130: wote huogopa adhabu, wote huogopa kifo, ukijifananisha na wengine, usiue wala usisababishe kuua. Ukiwaalika watu wa hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, ambalo asili yake ni Wasinhala wa Sri Lanka, weka beti hizo tayari.

Waunitaria ndio waliopitwa na wakati, na si kosa la McKenna. Kauli iliyowekwa ni ile ya saba kati ya misingi waliyoipitisha miaka ya 1980. Juni 2024 mkutano mkuu wa jumuiya yao ya Marekani uliifuta orodha ya misingi hiyo kwenye katiba yao na kuweka maadili yaliyoandikwa upya. Kihistoria kauli inabaki halali; kama msimamo rasmi wa leo, hapana.

Hadithi haikupewa namba, na kwa Waislamu hilo ni pengo. Ni namba 13 katika Sahih Bukhari, 45 katika Sahih Muslim, na 13 tena katika Arubaini za Nawawi, ikipokewa na Anas bin Malik. Jambo zito zaidi: bango limesema "wengine", wakati matini inasema "ndugu yake". Shehe akiliona atauliza, na ana haki. Jibu la kiungwana ni kukiri kwamba neno ni ndugu, kisha kuonyesha kwamba katika mapokezi ya Muslim mpokezi ana shaka kama lilitamkwa "ndugu yake" au "jirani yake", na kwamba wapo wafafanuzi walioupanua undugu huo umfikie hata asiye Mwislamu. Kiswahili kinatubeba hapa kuliko Kiingereza. Nchi ambayo ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja" haipati tabu na neno ndugu. Rudisha "ndugu yake" mahali pake, hutapoteza kitu.

Kwa Hillel usiongeze neno, ila usikate. Watu hupenda kuishia kwenye "hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni ufafanuzi". Sentensi haiishii hapo. Inamalizia: nenda ukajifunze. Yule mtu alikuwa ametaka afundishwe Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Shammai, mwalimu mwingine wa zama hizo, alishamfukuza kwa fimbo ya kupimia ya fundi ujenzi. Hillel akampa muhtasari, kisha akampa kazi.

Kasoro ambayo hakuna kalamu itakayoiondoa ni hii: Afrika haipo. Njia 13, na hakuna hata moja ya bara hili. Wenyeji wa asili wa Amerika wamepata kiti, japo amekalia mtu mmoja, chifu wa Tsleil-Waututh aliyejulikana pia kama mwigizaji wa filamu na kufariki 1981, ambaye kwa hakika hakuomba kuyasemea makabila yote ya Amerika. Lakini kuanzia Cairo hadi Cape Town, kimya. Kisingizio cha kawaida ni kwamba dini za jadi za Kiafrika hazina kitabu cha kunukuu. Hakisimami: Chief Dan George naye hakunukuliwa kutoka msahafu.

Tukija kwenye karatasi yenyewe. Kwa vipimo vya steshenari zetu bango hili halina nyumba. Ni kubwa kuliko A2 (sentimeta 42 kwa 59.4) na dogo kuliko A1 (59.4 kwa 84.1). Usimruhusu fundi wa fremu alipunguze liingie A2. Nunua fremu ya A1, weka karatasi nyeupe nyuma, litabaki na pambizo kama sentimeta 1.7 kila upande na sentimeta 5 juu na chini. Pambizo ya chini ndiyo utakayoandikia marekebisho hapo juu bila kuligusa bango.

Likifika kwenye bomba la kadibodi litakuwa limejikunja. Lilaze kifudifudi mezani, weka vitabu vizito kwenye pembe zote nne na katikati, liache siku mbili. Usilipige pasi, wino na joto haviivani. Ukitaka kulipaka plastiki, omba ile isiyong'aa. Ile ya kung'aa inarudisha mwanga wa dirisha na wa taa za mrija, na waliokaa pembeni wataona weupe mtupu. Mwambao, usilitundike kwa pini za chuma moja kwa moja: chumvi ya hewa huzitia kutu ndani ya miezi, na madoa ya kahawia huenea kwenye karatasi. Ukuta unaolowana masika utalitia ukungu kwa nyuma, kwa hiyo bandika vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu hewa ipite. Na usiliweke linapopigwa na jua la mchana. Rangi za manjano na nyekundu ndizo hutangulia kufifia.

Kauli ni ndogo. Ukiwa umbali wa mita moja na nusu unasoma vizuri, mita tatu unaona duara zuri tu. Kwa darasa la watu 40 bango peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea: wanalitundika, wanalielekezea kidole, wanasoma zote 13 kwa sauti, kengele inalia.

Tumia kadi. Chukua karatasi 7 za A4 ngumu, au manila iliyokatwa kwa kipimo hicho, kata kila moja katikati. Unapata kadi 14. Andika kauli moja kwa kila kadi bila kutaja dini wala chanzo. Nyuma, kwa kalamu ya risasi, andika namba ya kukumbushia wewe. Gawa darasa makundi 13 ya watu watatu. Wa 40 atunze saa. Dakika 5 za kugawa, 10 za kusoma na kutoa mfano mmoja wa sokoni, nyumbani au barabarani, 10 za kupanga kadi ukutani katika mafungu matatu tuliyoyataja, 15 za mabishano. Dini zitajwe mwishoni kabisa. Zikitajwa mwanzo, kila mtu atailinda kadi yake badala ya kuisoma.

Mabishano yatakayokuja yanatabirika. La kwanza: "Kwa hiyo dini zote ni sawa?" Jibu ni hapana, na bango halijathibitisha hilo; zinakutana kwenye kanuni ya jinsi ya kumtendea mtu, zinaachana kwenye Mungu, wokovu na ibada. Sema hivyo waziwazi, la sivyo wazazi watakuja Jumatatu. La pili ni la mwizi: mwizi hapendi kufungwa, hakimu naye asingependa kufungwa, basi amwachie. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliliandika pingamizi hilo mwaka 1785 na bado wanafunzi wa kidato cha pili hulivumbua upya kila mwaka. Mrudishie: hakimu ajiweke kwenye nafasi ya nani, ya mwizi peke yake au na ya aliyeibiwa? La tatu ni kuichanganya kanuni na "nipe nikupe". Hapa usiharakishe. Kuna jino kwa jino, ambayo ni kulipiza kwa kipimo. Kuna nipe nikupe, ambayo ni biashara. Na kuna hii, ambayo haingojei mwenzako aanze. Katika Luka 6, mara tu baada ya kuitoa kanuni katika mstari wa 31, Yesu anageuka kuwasuta wanaowapenda wale tu wanaowapenda wao, na wanaowakopesha wale tu wanaotarajia kwamba watawalipa. Bango limechagua Mathayo, hivyo sehemu hiyo imekosekana, isome kando.

Tafsiri ya kadi kwa Kiswahili ina mtego mmoja. Kiingereza cha bango kinarudia "wengine, wengine", na ukikifuata utapata sentensi kavu zinazohusu watu wa mbali. Kiswahili kina "mwenzako", neno ambalo halitamkiki bila wewe kuwemo ndani yake. Lina pia -tendea na -tendewa, mlango uleule unaofunguka pande mbili. Isipokuwa kwa Wajaini: pale usiweke mwenzako, weka viumbe, kwa sababu wao wanamaanisha hadi mdudu. Anayewajua Wajaini wa Mombasa au Nairobi na mapishi yao yasiyo na nyama, wengine hata kitunguu hawagusi, ataelewa kwamba neno hilo halikuwekwa kwa mapambo.

Kadi ya 14 iko tupu. Usiitupe. Wape wanafunzi waijaze wao kwa kauli ya kwao. Mswahili atataka kuandika "mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu", na kundi jingine litapinga kwamba hiyo si amri wala katazo, ni picha ya mtu aliyekwisha kuivunja kanuni. Wakifika hapo, wape fungu la nne ukutani, kadi hiyo ikae peke yake.